Mbele taa nne, ndani moshi!

Wiki iliyopita tuliwapiga vijembe wale jamaa wanaofunga spika kubwa kuliko gari lenyewe, na wengi mlicheka sana. Lakini msomaji mmoja wa Mbagala hakucheka. Ameniletea ujumbe akisema nimewaonea watu wa muziki bure, maana kelele inaudhi tu, haiui mtu. "Mbona hujawagusa wale wa taa?" ananiuliza. "Au na wewe ni mwenzao?"

Swali la kiume kabisa hilo. Nami najibu kiume: ndiyo, niliwahi kuwa mwenzao. Tena nilikaa kiti cha mbele, nikashangilia. Kilichotokea sijawahi kukiandika hapa, kwa sababu kuna aibu ndani yake. Leo naitapika.

Basi bwana, ilikuwa Oktoba 2011. Nilikuwa nimetoka Dar kwenda Nachingwea kumsalimia mjomba. Wanaotoka kusini wanajua, mjomba kule si mtu wa mchezo. Kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukusamehe, lakini mjomba akinuna, ukoo mzima umenuna. Mjomba wangu alikuwa na Hilux moja ya zamani, ya dizeli, ngumu kama jiwe la kusagia. Ndiyo iliyokuwa inabeba ufuta, korosho, wagonjwa, maharusi na hata maiti. Ukiiangalia unaona kabisa kwamba ni mali ya familia, kila mtu ana jasho lake ndani yake.

Tatizo lilikuwa binamu, mtoto wa mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa anaiendesha. Binamu alikuwa bishoo. Maskani walimwita Mzee wa Mwanga, na jina hilo alilipata kihalali. Safari moja alikuja Kariakoo kununua vipuri, akarudi na taa nne za mviringo, zile wenyewe mnaziita spoti, kila moja wati 100. Akazipanga juu ya bampa kama meno ya dhahabu. Mchana Hilux ilikuwa inacheka peke yake barabarani.

Nani alizifunga? Akazifunga mwenyewe, na rafiki yake mmoja aliyekuwa anatengeneza redio. Vifaa: waya mwembamba wa spika, swichi moja ndogo ya kubonyeza, na tepu nyeusi. Basi. Umeme walikwenda kuuchuna kwenye waya wa taa kubwa za gari, ule ule wa kiwandani. Walipowasha mara ya kwanza fyuzi ya taa kubwa ikaruka. Wakaweka nyingine, nayo ikaruka. Hapo ndipo mtaalamu wetu alipotoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaikunja, akaichomeka mahali pa fyuzi. Taa zikawaka! Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwepo, nikapiga pia.

Mpenzi msomaji, ukisikia mtu amepiga makofi kwenye mazishi yake mwenyewe, ndio huko.

Jioni ile tukatumwa kwenda kuchukua magunia ya ufuta katika kijiji kimoja cha upande wa Ruangwa. Barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa wakati huo ilikuwa ni vumbi jekundu, makorongo, na miembe na mikorosho pande zote mbili. Giza la kule si hili la kwetu la kukatika umeme. Kule giza likiingia limeingia, unalishika kwa mkono. Ndiyo maana nawaelewa sana watu wanaotaka taa za ziada kusini. Si ushamba wala si majivuno tu. Mtembea kwa miguu hana nguo ya kung'aa, baiskeli hazina taa, ng'ombe analala barabarani kwa sababu udongo una joto, na kwenye mapori ya upande wa Liwale hata tembo anaweza kukatiza. Mtu anayeendesha usiku huko anahitaji kuona mbali.

Hebu tupige hesabu kidogo, usikimbie. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakata mita 22 kila sekunde. Macho yakiona kitu, mguu unachukua kama sekunde moja na nusu kufika kwenye breki na kuanza kukanyaga. Hizo ni mita 33 zimeshakwenda kabla breki haijashika hata kidogo. Halafu kwenye vumbi na kokoto gari linateleza, litakula mita nyingine 50 na ushee. Jumla inakaribia mita 90. Na taa ya dimu ya kawaida inakuonyesha vizuri kiasi cha mita 50 hivi. Kwa maneno mengine, ukikimbia 80 usiku kwa dimu kwenye barabara ya vumbi, unakimbilia mahali ambapo hujapaona. Kwa hiyo taa za ziada zina kazi ya halali kabisa. Dawa ya kwanza, hata hivyo, ni kupunguza mwendo, na hiyo haiuzwi Kariakoo.

Sasa sisi tulikuwa na wati 400 mbele na akili kidogo nyuma. Binamu aliwasha zote nne tangu magharibi. Watu walikuwa wanaziba macho, yeye anacheka. Kabla hatujafika kijijini tukakutana na pikipiki moja inakuja. Jamaa akatupigia taa mara moja, mara mbili, mara tatu, akituomba tushushe. Binamu akasema, "Mwache azoee." Nikaiona ile taa yake ndogo inayumba, inakwenda kushoto, inaingia kwenye nyasi, halafu haipo. Hatukusimama. Nilisema "ee bwana ee", nikacheka kidogo, tukapita. Hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nawaambia.

Ukweli ni kwamba jicho likipigwa na mwanga mkali gizani linapofuka kwa muda, na huchukua sekunde kadhaa kurudia hali yake. Kumbuka hesabu yetu: hata kwa mwendo wa 40, sekunde moja ni mita 11. Sekunde nne za upofu ni mita 44. Mwenye pikipiki anaendesha mita 44 akiwa kipofu, na aliyempofusha ni wewe, unayekuja kupishana naye huyo huyo! Kama angepotelea upande wetu badala ya upande wa nyasi, leo nisingekuwa naandika safu.

Tulipofika kijijini, magunia tukayasahau. Kulikuwa na mtoto wa miaka kama mitatu hivi, homa imempanda, degedege limemshika mara mbili. Mama yake amemkumbatia, bibi yake anatuangalia sisi kama malaika. "Wajukuu zangu, Mungu kawaleta," alisema. Tukampakia bibi na mama na mtoto, tukageuza gari kurudi Nachingwea, hospitali. Saa mbili na nusu usiku. Binamu akawasha taa zake zote, na safari hii hata mimi niliziona ni baraka.

Hatukwenda hata nusu ya njia. Kwanza nikasikia harufu, kama nailoni inaungua. Binamu akasema ni majani wanachoma shambani. Kisha taa zikaanza kupungua, zikawa njano, kama mshumaa unaokata roho. Halafu moshi ukatoka chini ya dashibodi, mweupe, mzito, unakaba koo. Bibi akapiga kelele, "Zimeni hilo lidude!" Binamu akabonyeza swichi, swichi imeyeyuka, imegandana, haizimi. Mara paa! Giza. Si zile nne tu. Zote: fulu, dimu, na taa ndogo za dashibodi.

Tukaruka nje. Nashukuru mjomba alikuwa na kawaida ya kuweka spana namba 10 chini ya kiti. Binamu akafungua boneti akang'oa kichwa cha betri, vidole vimeungua. Hilo ndilo jambo moja la akili alilofanya siku ile, na ndilo lililotuokoa. Moshi ukakata. Tukakata nyaya zote za zile spoti kwa kisu cha bibi cha kumenyea mihogo. Tukarudisha betri, injini ikawaka, dizeli ile haina makuu. Lakini taa hakuna. Nyaya za taa kubwa zilikuwa zimeyeyuka pamoja na zile za spika, zimekuwa donge moja.

Tulikuwa na tochi moja ya simu. Mbele kuna makorongo. Mtoto anahema kama mtu aliyekimbia. Mama yake hakulia wala hakutulaumu, alikuwa anamnong'oneza mtoto tu. Mpenzi msomaji, ukimya ule wa yule mama ulinichapa kuliko fimbo.

Baada ya kama robo saa tukaona taa moja ndogo inakuja nyuma yetu. Pikipiki. Binamu akaingia barabarani kuisimamisha. Jamaa akasimama, suruali imechanika goti, mkono una damu iliyokauka, indiketa moja inaning'inia. Akatuangalia, akaziangalia zile taa nne zilizokufa.

"Ninyi si ndio mlionitupa porini jioni?"

Binamu akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mimi nikasema, "Ndiyo, kaka. Ni sisi. Tuna mtoto mgonjwa humu." Akachungulia ndani. Akakaa kimya kidogo. Nilidhani atatema mate aondoke, na angekuwa na haki.

"Haya, nifuateni. Mtoto ana kosa gani?"

Kumpakia mtoto yule kwenye pikipiki isingewezekana, alikuwa amelegea, na barabara ile ilikuwa inarusha hata magunia. Kwa hiyo yule bwana alitangulia na taa yake moja, sisi tukamfuata nyuma kwa mwendo wa baiskeli, binamu amekodoa macho kwenye ile taa nyekundu ya nyuma. Kila penye korongo alisimama, akageuza pikipiki, akatumulikia, tukapita, akatangulia tena. Karibu saa nzima. Tulipofika hospitali mtoto akapokelewa, akatundikiwa dripu, na kulipokucha alikuwa anaomba uji. Yule bwana hatukumwona alipoondoka. Hakusubiri ahsante, wala pesa ya wese.

Asubuhi mjomba hakupiga kelele. Alimwangalia binamu, akaliangalia gari, akasema neno moja: "Mtafute fundi." Kwa mjomba wa kusini, hiyo ni hukumu nzito kuliko miaka sita jela.

Fundi umeme tuliyempata Nachingwea alikuwa mzee wa makamo ya babu, miwani imefungwa kwa uzi. Tukampa shikamoo, akaitikia bila kutuangalia, kichwa kimo ndani ya boneti. Alipotoa ile karatasi ya sigara iliyoungua, akaiweka juu ya kiganja akauliza, "Nani kati yenu anavuta?" Hakuna aliyejibu. Kwa siku nzima iliyofuata alitufundisha, na somo lenyewe nimelihifadhi mpaka leo. Wewe unayetaka kufunga taa za ziada, kaa chini hapa, kata kipande hiki cha gazeti ubandike gereji.

Kwanza, alisema, mjue mzigo wenu. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampia. Taa mbili za wati 55 kwenye gari la volti 12 ni 110, gawa kwa 12, kama ampia 9. Taa mbili za wati 100 ni ampia karibu 17. Taa nne kama za binamu ni ampia 33. Sasa altaneta za magari mengi ya zamani ya ukubwa ule zinatoa kati ya ampia 40 na 70 tu, na humo kuna taa zenyewe za gari, feni na redio. Na kile kiswichi cha kubonyeza kimeandikwa ampia chache tu. Ukikipitishia 33, ni sawa na kumtwisha mtoto wa darasa la kwanza gunia la korosho.

Waya mwembamba nao una kisa chake. Umeme mwingi ukipita kwenye waya mwembamba, sehemu yake inageuka joto humo humo njiani. Waya ule wa spika, kwa urefu ule, ulikuwa unakula wati 60 au zaidi kabla taa hazijapata kitu. Na balbu hizi za kawaida zina kisirani: zikipungukiwa moja ya tano ya volti zake, mwanga unashuka mpaka nusu. Kumbe binamu na mbwembwe zake zote alikuwa hapati hata mwanga wa taa alizonunua! Alikuwa anapasha waya joto.

Pili, alisema, tafuteni mshenga. Tukacheka. Akasema, "Msicheke. Kijana akitaka kuoa, anakwenda mwenyewe kwa wakwe na mahari kichwani? Hapana. Anamtuma mshenga na neno. Neno likikubaliwa, mahari inatoka nyumbani kwa wazee moja kwa moja kwenda kwa wakwe. Swichi yako ni kijana. Mshenga ni rilei. Wazee ni betri. Mkwe ni taa." Tangu siku hiyo sijasahau rilei kazi yake. Swichi inapeleka umeme kidogo sana, hata ampia moja haufiki, kwenda kuiamsha rilei. Rilei ikiamka inaunganisha njia kubwa ya kutoka betri hadi taa. Mzigo mzito hauingii kabisa ndani ya dashibodi.

Rilei yenyewe ina miguu yenye namba, na namba hizo ni zile zile karibu kila mahali. 30 inapokea umeme wa betri. 87 inakwenda kwenye taa. 85 na 86 ni za mshenga, ndizo zinazopokea neno kutoka kwenye swichi. Ukikuta ya miguu mitano, ule wa katikati umeandikwa 87a. Huo achana nao, kwa sababu unatoa umeme wakati rilei imelala. Ukifunga taa hapo, zitawaka mchana kutwa na asubuhi betri imekufa. Kwa taa nne usiweke mshenga mmoja. Weka wawili, kila mmoja na taa zake mbili na fyuzi yake. Mmoja akifa, unabaki na mwenzake wa kukufikisha.

Tatu, fyuzi. Hii inakaa karibu kabisa na betri, umbali wa shubiri moja hivi, kwenye waya unaokwenda namba 30. Usiiweke mwishoni karibu na taa, maana waya ukichubuka njiani na kugusa bati, kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Taa mbili za wati 55: fyuzi ya ampia 15, waya wa milimita za mraba 2.5. Taa mbili za wati 100: fyuzi ya 25, waya wa milimita za mraba 4. Kanuni ni kwamba fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko mzigo, lakini ndogo kuliko uwezo wa waya, ili kikitokea kizaazaa ife fyuzi, upone waya. Fyuzi bei yake ni kama ya maandazi, lakini inakufa ili gari lipone. Ukiweka karatasi ya sigara, umemwondoa mlinzi mlangoni ukaweka picha yake.

Nne, ati. Mafundi wengi wa haraka haraka wanamaliza nguvu zote kwenye waya wa chanya, halafu hasi wanaisokota kwenye bolti yoyote yenye kutu. Umeme ukienda lazima urudi, na njia ya kurudia iwe nene sawa na ya kwendea. Kwangua rangi mpaka uone bati linang'aa, kaza bolti, paka grisi juu. Taa ikiwaka hafifu au ikicheza cheza, mara nyingi mchawi yuko hapa.

Tano, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi: neno la swichi litoke kwenye fulu. Maana yake spoti zako ziwake pale tu ulipowasha fulu, na ukishusha dimu nazo zife papo hapo, kwa mkono ule ule mmoja. Usizifunge moja kwa moja kwenye betri ili uwe na uhuru wa kuziwasha. Uhuru huo ndio uliomtupa yule bwana kwenye nyasi.

Hapa kwenye Toyota kuna mtego unaowatoa jasho mafundi wengi. Toyota nyingi za zamani haziwashi taa kwa kuleta chanya. Chanya iko pale muda wote taa zikiwashwa, na kinachobadilishwa kati ya dimu na fulu ni ile hasi. Ukichuna waya wa fulu ukitegemea kupata chanya, rilei haiamki, unaanza kumlaumu muuza duka. Dawa ya mzee ilikuwa rahisi. Kwenye plagi ya balbu ya miguu mitatu, toa waya mmoja kwenye mguu wa pamoja, upitishe kwenye swichi mpaka 86. Toa mwingine kwenye mguu wa fulu mpaka 85. Gari liwe la kubadili chanya au hasi, mshenga atapata neno lake. Isipokuwa rilei zenye dayodi ndani, hizo zina upande, usizigeuze. Na yale magari mapya yenye kompyuta kila kona, usichune waya ovyo, mtafute anayelijua gari hilo.

Angalia pia volti. Coaster na Canter nyingi, na baadhi ya Land Cruiser, ni za volti 24. Kwa hizo, balbu, rilei, vyote viwe vya 24. Kabla ya kuanza kazi yoyote fungua kwanza hasi ya betri. Waya unapopita kwenye tundu la bati uvishe mpira, maana bati la gari ni kisu. Na usizipange taa mpaka zikaziba rejeta isipate upepo. Joto la kusini halina huruma na injini.

Siku hizi, najua, vijana mmehamia kwenye taa za LED. Nazo nazikubali, zinakula umeme kidogo na kuangaza sana. Lakini rilei na fyuzi bado zinahitajika, usidanganywe. Tena zile za bei ya kutupa zina tabia ya kuvuruga redio: unawasha taa, mtangazaji anageuka nyuki. Siku Namungo wanacheza nyumbani Ruangwa, wewe unasikia mkwaruzo tu, goli limefungwa hujui la nani. Na kwenye vumbi zito, mwanga mweupe wa juu unagonga vumbi na kukurudia usoni, unaona ukuta. Hapo shusha dimu, punguza mwendo. Ndiyo maana taa za ukungu hufungwa chini na kutandaza mwanga pembeni.

Na serikali nayo ina macho. Mwaka 2025 polisi walitangaza msako wa magari yenye ving'ora, vimulimuli na taa za mwanga mkali zilizofungwa kinyume cha sheria. Wengine walilalamika sana vijiweni. Mimi sikulalamika. Nilikumbuka goti la mtu.

Nikiwa Nachingwea siku zile mjomba alinitembeza, akanionyesha kata inayoitwa Stesheni. Nikamuuliza stesheni ya nini, mbona hakuna treni? Akanisimulia kwamba Waingereza walikuja mwaka 1947 na mradi mkubwa wa karanga, matrekta kwa mamia, na reli ikajengwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukatangazwa kufa, hawakuwa wameupima udongo wala mvua. Reli nayo ikafungwa miaka ya 1960, ikang'olewa, likabaki jina. Akamaliza, "Mwanangu, hapa kwetu mbwembwe zisizopimwa tumeziona tangu zamani." Hakumtaja binamu, lakini binamu alikuwa nyuma yetu na alisikia.

Hilux ile ilirudi barabarani na taa mbili tu za wati 55, na mshenga wake, na fyuzi yake. Nilipopanda nayo safari iliyofuata, tulikutana na baiskeli usiku. Yule mtu hajatupungia wala kupiga kelele, binamu akashusha dimu mwenyewe, mapema. Sikusema kitu. Naye hakusema kitu.

Yule bwana wa pikipiki tulimtafuta mara mbili, upande wa Nachingwea na upande wa Ruangwa. Mwenye pikipiki yenye indiketa inayoning'inia ni wengi kuliko nyota. Kama unasoma hapa, kaka, yule mtoto sasa ni kijana mkubwa, anacheza mpira. Pesa yako ya suruali ninayo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na leo usiku ukipishana na mwenzako, shusha dimu kabla hajakuomba.